Madigadi ni ya Anayekufuata

Tazama baiskeli iliyo karibu nawe. Kama ni ile baiskeli kubwa nyeusi ya kubebea mizigo, ilitoka dukani ikiwa na mabati mawili yaliyopinda kama upinde. Moja liko juu ya gurudumu la mbele. La pili liko juu ya gurudumu la nyuma. Mabati hayo ndiyo madigadi.

Sasa tazama baiskeli nyingine kijijini. Utaona kwamba nyingi hazina madigadi. Mengine yameliwa na kutu. Mengine yalivunjika yakaachwa porini. Na mengine yaling'olewa na mwenye baiskeli mwenyewe, kwa makusudi.

Mimi ni mmoja wa waliong'oa. Nitaeleza kwa nini nilifanya hivyo, na kwa nini niliyarudisha.

Siku ya mnada

Kwetu ni Usukuma. Mvua zetu huanza mwezi wa Novemba na huendelea mpaka Aprili au Mei. Juu kwenye miinuko tuna udongo wa mchanga. Wasukuma huuita luseni. Maji hupita humo upesi na baiskeli huenda vizuri. Lakini bondeni kuna mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi mbuga hupasuka nyufa. Wakati wa mvua hunata kama ugali usioiva. Viatu vya tairi tunaviita makatambuga, lakini mbuga ya mwezi wa Januari haikatwi na kiatu cho chote.

Mwaka huo nilipita mbugani na baiskeli. Udongo ukaingia kati ya tairi na madigadi. Ukajaa, ukashindiliwa, mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Nikashuka, nikatafuta kijiti, nikakwangua. Nikaenda hatua kumi, likakwama tena. Nilifika nyumbani usiku nikiwa nimeibeba baiskeli begani. Asubuhi nilichukua spana nikang'oa madigadi yote mawili nikayatupa nyuma ya nyumba. Baiskeli ikawa nyepesi. Nikawaambia na wenzangu wafanye hivyo.

Ikaja siku ya mnada. Tuliondoka alfajiri watu saba, kila mmoja na baiskeli yake na mzigo wake. Sisi husafiri pamoja. Mmoja akipata pancha, wengine humsaidia. Na kwa kuwa njia ngumu isiyo na tope ni nyembamba, twende tusiende, lazima tufuatane mmoja nyuma ya mwingine. Nyuma yangu alikuwa kijana jirani yetu, aliyekuwa anapeleka maziwa. Alikuwa na madumu mawili, kila moja lita 20.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mteremko mmoja palikuwa na dimbwi la maji. Mimi nilipita kwa kasi. Nikahisi baridi mgongoni, nikacheka. Kisha nikasikia kishindo.

Nilipogeuka, kijana alikuwa chini. Maji ya tope yaliyotoka kwenye gurudumu langu la nyuma yalikuwa yamempiga usoni. Macho yote mawili yalijaa. Aliachia usukani kwa mkono mmoja ili ajifute, na gurudumu lake la mbele likagonga ukingo wa njia. Dumu moja lilifunguka kifuniko. Maziwa yakamwagika yote.

Hakunigombeza. Alikaa kando ya njia akitema tope, akasema:

"Kaka, wewe umelowa mgongo tu. Mimi nimelishwa barabara."

Maziwa yale nililipa, nusu mnada ule na nusu mnada uliofuata. Jicho lake la kulia lilikuwa jekundu kwa siku tatu, na ile ya jicho sikuweza kuilipa.

Maji yanarukaje?

Fanyeni jaribio hili darasani, nje, mahali penye nafasi. Chukueni kitambaa, kiloweshe maji, kifunge kwenye kamba. Mtu mmoja akizungushe hewani. Wengine wasimame pande zote. Mtaona kwamba matone hayabaki kwenye kitambaa. Yanachomoka na kuruka upande ule ambao kitambaa kilikuwa kinaelekea wakati ule. Anayezungusha hulowa kidogo. Wanaozunguka ndio wanaolowa.

Tairi hufanya vivyo hivyo. Linagusa dimbwi, linabeba maji, linayainua, kisha linayatupa. Kadiri unavyokwenda kasi ndivyo maji yanavyoruka mbali zaidi. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Baiskeli ikienda kilomita 15 kwa saa, sehemu ya juu kabisa ya tairi inakwenda mbele kwa kilomita 30 kwa saa, mara mbili ya mwendo wa baiskeli yenyewe. Ndiyo maana tone dogo la tope huuma usoni kama limerushwa na mtu.

Maji ya gurudumu la mbele huruka juu na kukurudia wewe usoni na kifuani. Mengine hushuka kwenye miguu yako, kwenye pedali na kwenye mnyororo. Maji ya gurudumu la nyuma huenda sehemu mbili. Yale yanayotoka juu ya tairi hukupiga mgongoni. Yale yanayotoka chini, karibu na ardhi, huruka kwa nyuma na kupanda. Hayo hukupita wewe. Humkuta anayekufuata.

Kuna mtu atasema, "Mimi nina keria pana na juu yake nimefunga ubao, sihitaji madigadi ya nyuma." Ni kweli, ubao huo utaukinga mgongo wake. Lakini yale maji ya chini hayapiti kwenye ubao. Yanaendelea na safari yake. Mtu huyo atafika mnadani akiwa msafi, na wenzake watafika kama waliotoka kuchimba kisima.

Kuna nini ndani ya tope?

Tope la njiani si udongo na maji peke yake. Ng'ombe wamepita, mbuzi wamepita, mbwa na panya wamepita. Mvua kubwa ikinyesha, hata uchafu wa vyoo vifupi husombwa ukafika njiani. Tope likiingia mdomoni, vyote hivyo vimeingia.

Mwezi wa Julai mwaka 2008, huko Wales katika nchi ya Uingereza, kulikuwa na mashindano ya baiskeli karibu na mji mdogo uitwao Builth Wells. Mvua zilikuwa zimenyesha na njia zilikuwa za tope. Zilipita mahali wanapolishwa kondoo. Baada ya siku chache washindani wengi waliugua tumbo na kuharisha. Wachunguzi wa afya walichunguza chakula, wakachunguza maji ya kunywa. Mwisho waliona kwamba jambo linaloelekea zaidi kuwa chanzo ni tope lenye mavi ya kondoo, lililowarukia mdomoni wakiwa njiani. Watu hao walikuwa na maji safi na hospitali karibu, lakini tope halikuwachagua.

Hapa kwetu Tanzania, mwezi wa Julai mwaka 2022, Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa umezuka katika Mkoa wa Lindi ni homa ya Mgunda. Madaktari huuita leptospirosisi. Vijidudu vyake hutoka katika mkojo wa wanyama, hasa panya, na hukaa katika maji na udongo ulioloa. Humwingia mtu kwa njia ya macho, pua, mdomo au kidonda. Sisemi kwamba wagonjwa wa Lindi walirushiwa tope na baiskeli. Nasema tu kwamba macho ni mlango, na tope lina uwezo wa kupita mlango huo.

Basi tope likikuingia machoni, usisugue. Chembe za mchanga hukwaruza jicho ukisugua. Simama kando, osha jicho kwa maji safi mengi. Jicho likiendelea kuuma au kuwa jekundu, nenda zahanati. Usikubali kutiwa dawa ya mtaani.

Wenzetu wa nchi za baridi

Huenda ukafikiri kwamba habari hii ni ya watu wa vijijini peke yao, wenye njia za tope. Sivyo. Huko Uingereza kuna vilabu vya waendesha baiskeli. Watu hao hawabebi mizigo. Huendesha kwa mazoezi na kwa furaha, mara nyingi siku ya mapumziko, kundi zima pamoja. Barabara zao zina lami. Lakini wakati wa baridi mvua hunyesha mara kwa mara, na siku ni fupi sana. Mjini London mwezi wa Desemba jua hutua kabla ya saa kumi jioni. Barabara hukaa na maji siku nzima bila kukauka. Isitoshe, barabara hunyunyiziwa chumvi ili maji yasigande kuwa barafu. Chumvi hiyo hula chuma cha baiskeli.

Waendesha baiskeli hao hufuatana kwa karibu mno. Kutoka tairi la mmoja mpaka tairi la mwenzake huweza kuwa chini ya mita moja. Hufanya hivyo kwa sababu wa mbele hukata upepo, na wa nyuma huchoka kidogo. Sasa fikiri, mtu wa mbele asipokuwa na madigadi, wa nyuma atakunywa maji machafu yenye chumvi kwa saa tatu au nne. Kwa hiyo vilabu vingi huweka desturi kwamba wakati wa baridi kila mmoja awe na madigadi yaliyo kamili, na nyuma yaning'inie kipande cha mpira kinachokaribia ardhi. Asiye na madigadi huombwa akae mkiani mwa kundi.

Wakati wa kiangazi wengi wao huyaondoa, kwani hupenda baiskeli nyepesi. Mvua za baridi zikikaribia, huyafunga tena. Hawaoni aibu. Mimi naona desturi hiyo ina akili kuliko yangu, ya kung'oa wakati wa mvua na kujuta baadaye.

Fundi alivyonifundisha

Baada ya ile ajali niliokota madigadi yangu nyuma ya nyumba. Kuku walikuwa wamekwisha kuyafanya kivuli. Nikayapeleka kwa fundi wa baiskeli, mzee anayefanya kazi chini ya mwembe karibu na mashine ya kusaga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta bati la kuezekea?"

Nikamweleza habari yote: mbuga, kung'oa, mnada na maziwa. Akasikiliza. Kisha akasema, "Mbuga ilikukwamisha kwa sababu madigadi yako yalikuwa yamelala juu ya tairi. Tatizo halikuwa madigadi. Tatizo lilikuwa nafasi."

Akaweka vidole vyake viwili kati ya tairi na bati. Alisema nafasi isipungue hapo, pande zote, juu na chini. Nafasi ikiwa ndogo, hata kijiwe kimoja kitasimamisha gurudumu. Akalegeza nati za vile vyuma vyembamba vinavyoshika madigadi pembeni, akayavuta juu, kisha akakaza. Kwenye bolti ya juu aliongeza washa tatu, yaani vile vijiduara vya chuma vyenye tundu, ili bati liinuke. Kazi yote haikuchukua hata nusu saa.

Akanionyesha jambo jingine ambalo sikuwa nalijua. Gunia likifungwa vibaya kwenye keria, tumbo lake hushuka na kulikandamiza bati mpaka liguse tairi. Wengi hulaumu madigadi na hali kosa ni la gunia. Weka kijiti kimoja kila upande wa keria, gunia lilalie vijiti.

Kisha akashika madigadi ya nyuma, akasema, "Hii ni fupi. Inakulinda wewe. Haimlindi mwenzako." Akakata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la lori. Mpira wa baiskeli haufai, ni laini na upepo huukunja. Wa lori ni mnene. Alikikata kiwe kipana kuliko bati, kizidi kidole kimoja kila upande. Urefu wake ulikuwa shibiri moja. Akatoboa matundu mawili, akakifunga kwenye ncha ya bati kwa bolti mbili fupi, vichwa vyake vikiwa upande wa tairi ili nati zisilikwaruze. Kipande hicho yeye hukiita ulimi. Ulimi wa nyuma uning'inie mpaka ubaki kama shibiri moja kutoka ardhini. Ukiwa juu zaidi, maji yatapita chini yake.

Na mbele akaweka ulimi mdogo, ubaki kama upana wa kiganja kutoka ardhini. Huo hukinga miguu na mnyororo. Maji ya mchanga yakiingia kwenye mnyororo na kwenye gololi, husaga chuma kama jiwe la kusagia. Mtu mwenye ulimi wa mbele hununua gololi mara chache.

"Na asiye na madigadi kabisa, mzee?"

"Dumu la plastiki bovu halikosekani kijijini," alisema. Hukata ubavu wa dumu, kipande kirefu chenye upana wa kiganja, hukikunja kifuate mviringo wa tairi, na kukifunga kwa waya chini ya keria na kwenye fremu. Si kizuri kwa macho. Lakini tope haliangalii uzuri.

Jambo moja alilisema kwa ukali, nami naliandika kama alivyosema: madigadi ya mbele yaliyolegea ni hatari kuliko kutokuwa na madigadi. Kijiti kikiingia kati ya tairi na bati lililolegea, bati hujikunja ndani, gurudumu husimama ghafla, na mwendeshaji hurushwa juu ya usukani. Kwa hiyo kabla ya safari, shika madigadi ya mbele kwa mkono, uyatikise. Yakicheza, kaza nati. Kama nati imepotea, funga kwa waya imara. Kama huna waya, yaondoe mpaka utakapopata. Madigadi mengine ya plastiki ya siku hizi yana vishikizo vinavyochomoka vyenyewe kijiti kikinasa. Hayo ni mazuri, ila hapa kwetu huyapati kila duka.

Na mbuga je?

Hapa lazima niseme kweli. Nafasi ya vidole viwili inatosha kwa tope la kawaida. Haitoshi kwa mbuga iliyoloa sawasawa. Udongo ule hujaza hata uma wa baiskeli isiyo na madigadi. Nimekwisha kuyaona hayo kwa baiskeli za wenzangu waliong'oa kwa ushauri wangu. Walikwama vilevile, hatua chache tu mbele ya wengine.

Ukifika mbugani, shuka. Pitisha magurudumu kwenye majani kandokando, si katikati ya njia. Beba kijiti bapa kwenye keria, ukwangue mapema kabla udongo haujashindiliwa. Ukiwa na njia ya kuzunguka juu kwenye luseni, zunguka, hata kama ni ndefu. Mimi huongeza karibu nusu saa nikizunguka, na hufika mapema kuliko wakati ule wa kubeba baiskeli begani.

Siku hizi tunavyosafiri

Kundi letu bado ni la watu saba, ingawa wawili wamehamia pikipiki na siku hizi hutupita njiani. Tumepatana hivi. Asiye na madigadi hukaa nyuma kabisa. Anayebeba maziwa au mayai hukaa mbele. Njia ikiwa na maji hatufuatani tairi kwa tairi, tunaacha nafasi ya urefu wa baiskeli tatu au nne. Wa mbele akiona dimbwi hupaza sauti, "Maji!" na kila mmoja hupunguza mwendo, kwa sababu hata madigadi mazuri hayazuii yote ukipita kwa kasi.

Tukirudi usiku, kuna faida nyingine. Baiskeli nyingi za zamani zilipakwa rangi nyeupe mwishoni mwa madigadi ya nyuma. Watu wengi hudhani ni pambo. Doa lile ni la kuonekana gizani na gari au pikipiki inayokuja nyuma. Kama limefutika, lipake tena rangi nyeupe. Na ukifika nyumbani, mwaga maji chini ya madigadi utoe tope lote, maana tope likilala humo na unyevu wake, kutu huanza kula bati kutoka ndani, mahali usipopaona.

Yule kijana wa maziwa sasa ndiye anayetutangulia. Jumamosi iliyopita alipita dimbwi lile lile la mteremkoni, mimi nikiwa nyuma yake. Ulimi wake ulipiga maji, ukayarudisha chini. Akageuka akaniuliza, "Umepata kiamsha kinywa, kaka?"

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mwandishi alicheka alipopita dimbwi? Yeye alipatwa na nini, na mwenzake alipatwa na nini?

2. Chukueni baiskeli tatu za hapa darasani. Pimeni kwa vidole nafasi iliyo kati ya tairi na madigadi. Pimeni kwa shibiri kutoka ncha ya madigadi ya nyuma mpaka ardhini. Andikeni majibu ubaoni.

3. Dumu la lita 20 la maziwa ni shilingi ngapi kwa bei ya hapa kijijini? Bolti mbili na kipande cha mpira ni shilingi ngapi? Toeni, mwone tofauti.

4. Njia zenu ni za mchanga, za mfinyanzi au za mawe? Ni mahali gani mtu angefaa ashuke akokote baiskeli yake?

5. Mtu asiye na madigadi akikataa kukaa nyuma, mtamwambia nini?